Namna ya Kumchubua Kenge Pua na Kubaki na Heshima Yako

Sogea huku upande wa ukuta, upepo wa Singida usije ukakutilia vumbi kwenye supu. Nimesikia umefungua sehemu ya kuku choma karibu na Ziwa Singidani. Hongera. Shida ni moja: kuku wa kienyeji katika mji huu ni kama mawe, kila mtu anaye, na kila mtu anaapa kwamba wake ndiye halisi. Unahitaji kitu cha kuwatoa watu Utemini na Mandewa, wapite sehemu kumi za kuku, waje kwako.

Nawe umeshakipata. Nyuma ya choo cha wateja kuna jabali, na juu ya jabali hilo, kila siku ya Mungu, saa nne asubuhi, anatoka kenge kuota jua. Ni mkubwa, ana shingo ya mcheza mieleka na macho ya mdai kodi. Wazo likakujia: huyu akikaa ndani ya kioo, taa juu yake, wateja watamtazama wakisubiri oda. Watapiga picha. Picha zitazunguka, na jina lako litazunguka nazo.

Wazo halina kasoro, na mimi nipo kukusaidia. Watu wengi wanaomfungia mtambaazi kwenye kioo huishia kumjeruhi pua, lakini hujeruhi kienyeji, bila mpango. Baada ya wiki chache mnyama ana kidonda, mwenye mali anashangaa, wateja wanauliza maswali, heshima inaporomoka. Mimi nitakufikisha palepale kwa utaratibu, na wewe kichwa juu.

Kwanza uelewe kazi yenyewe. Kenge hajui kioo. Anajua jiwe, anajua gogo, anajua shimo la muhanga. Kitu kigumu ambacho jicho linasema hakipo hakikuwahi kumhusu yeye wala mababu zake. Anaona nyasi kule, anaona maji yanang'aa, anakwenda. Pua inagota. Anarudi kidogo, anajaribu hatua moja kulia. Inagota. Anasimama kwa miguu ya nyuma kwenye kona, anakwaruza kwa kucha, anasukuma kwa pua, anashuka, anaanza upya. Binadamu tungeacha mara ya tatu na kwenda kulalamika ofisini. Yeye hana ofisi. Atasukuma hadi ufunge hesabu za siku. Gamba la mbele linalika, ngozi inachubuka, nyama inaonekana, na ukiwa na subira utauona hata mfupa.

Hiyo ndiyo safari yetu. Hatua zake ni hizi.

Hatua ya 1: Nunua kabati la chipsi

Usipoteze hela kujenga kizimba. Mtafute muuza chipsi anayefunga biashara, umnunulie kabati lake la vioo. Lina kila kitu: vioo mbele, vioo nyuma, vioo ubavuni, balbu juu. Kama liliweza kuzifanya chipsi za jana zionekane za leo, litashindwa vipi kumpendezesha kenge?

Kuhusu ukubwa, mpime mnyama kisha punguza. Kenge wa nyikani aliyekomaa hupita mita moja kutoka pua hadi ncha ya mkia. Kabati la futi tatu litamtosha vizuri tu akikunja mkia na akaacha mambo ya kutembea. Akitaka kugeuka, atageuka na pua ikiwa kwenye kioo, na hapo umeokoa muda.

Jambo la lazima ni kioo pande zote nne. Ukikosea ukaweka ubao nyuma na ubavuni, mnyama atapata pa kuegemea. Ataona kwamba dunia upande huo imeisha, na ataiamini. Atatulia. Kenge aliyetulia hachubuki, na mpango wetu umekufa siku ya kwanza.

Wala usione aibu, kwamba labda jambo hili ni la kishamba. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya watambaazi kwa ajili ya umma mwaka 1849, ya kwanza ya aina yake duniani, na tangu hapo binadamu hajaacha kubandika pua yake upande mmoja wa kioo na pua ya mnyama upande wa pili. Tofauti ni kwamba yetu hupumzika tukienda kula.

Hatua ya 2: Mjue adui yako

Adui wa mpango huu ni mmoja, na ni mdogo. Ni karatasi ya kaki yenye upana wa shibiri moja.

Mtu akiibandika karatasi hiyo chini ya kioo kwa nje, kuzunguka pande zote, kimo chake kikapita kichwa cha mnyama akiwa amesimama kwa miguu minne, mambo huharibika. Mnyama akifika pale haoni nyasi wala ziwa. Anaona ukuta. Ukuta anaujua. Anageuka na kwenda zake. Si lazima iwe kaki: rangi ya mafuta inatosha, gazeti linatosha, na yule kijana anayebandika tinti kwenye vioo vya magari anaweza kuimaliza kazi hiyo kabla chai yako haijapoa.

Sasa unaelewa kwa nini hupaswi kuiruhusu. Ukificha shibiri ya chini, umeficha tumbo, miguu na zile kucha ambazo watoto wanazisubiri. Mteja aliyeketi hatamwona kenge mpaka ainuke. Wewe umemleta aonwe, hukumleta aone. Kioo kilitengenezwa kwa ajili ya macho yetu; pua ya kenge haikushirikishwa kwenye kikao.

Mtu akikutajia karatasi, mwambie, "Tutaliangalia." Neno hilo limezuia mambo makubwa kuliko hilo.

Hatua ya 3: Mnyime pa kujificha

Usitie jiwe, gogo, wala chungu kilichovunjika kilichoinamishwa. Mnyama mwenye pango hukaa pangoni, na mteja amelipa nauli ya bajaji. Sakafu weka vigae vyeupe, vile vya bafuni, kwa sababu damu hufutika kirahisi.

Ukitaka kujua shimo lina uzito gani kwa watambaazi, mtazame kobe bapa, yule wa kwenye miamba ya Tanzania na Kenya ambaye wanasayansi walimwandika mwaka 1903. Mungu amemtengeneza kama chapati. Gamba lake ni jembamba na linabonyea. Kobe wengine wakiona hatari huingiza kichwa ndani. Yeye hutimua mbio hadi kwenye ufa wa jabali, akajibana humo usimtoe. Jike hutaga yai moja tu kwa kawaida. Mwili wote huo, kuanzia mgongo hadi makucha, ni wa kukaa kwenye ufa. Sasa mchukue umweke juu ya vigae vyeupe ndani ya kioo kitupu. Atasukuma kona moja mpaka umwonee huruma, kisha atasukuma tena.

Nchi zilikubaliana mwaka 2019 kumweka kobe huyo kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yaani CITES, kwa sababu wanunuzi wa ng'ambo wa maringo kama yako walikuwa wakimmaliza. Kwa hiyo usimguse hata kwa kejeli. Nimemtaja ili uone mfano wa mnyama ambaye nusu ya afya yake ni ufa.

Hatua ya 4: Liweke kabati juani

Singida iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua linapiga, usiku wa Juni na Julai unatafuta blanketi la pili. Hali hii ni zawadi kwako.

Mtambaazi hana jiko ndani ya mwili. Joto lake analinunua nje: akitaka kupanda huenda juani, akitaka kushuka huenda kivulini au shimoni. Kenge wa nyikani hupenda kuota juu ya jiwe linalopita nyuzi 40, lakini lazima awe na pembe ya ubaridi ya kukimbilia akishaiva. Mpe joto la aina moja. Kabati la kioo likikaa juani saa sita mchana linageuka jiko, na aliyemo ndani anatafuta mlango kwa kiungo pekee alichonacho mbele, yaani pua. Usiku, zima balbu ili kubana umeme. Asubuhi atakuwa amepoa kama kiporo, na saa nne ataanza kusukuma upya kwa nguvu mpya.

Mteja akisema, "Huyu mnyama mchangamfu kweli," itikia. Binadamu anayegonga mlango wa nyumba inayowaka naye ni mchangamfu.

Hatua ya 5: Mwonyeshe ziwa, kisha mwonyeshe sura yake

Geuza kabati litazame maji. Mnyama aliyekuwa akizunguka kwa ridhaa yake eneo kubwa sasa ataliona eneo lote hilo kwa wakati mmoja, umbali wa pua. Usiku washa balbu ndani na uache nje giza. Kioo kitageuka kioo cha kujitazama.

Hatua hii hufaa zaidi ukiamua kumwongezea kenge majirani. Mtie mjusi dume wa mawe, yule mwenye kichwa cha rangi anayepiga pushapu juu ya jabali, kwenye kabati lake mwenyewe. Atamwona dume mwingine mbele yake, mwenye kiburi kilekile, anayepiga pushapu kila anapopiga yeye. Atapigana naye. Hatashinda, kwa sababu mpinzani hachoki kabla yake. Kinyonga naye atabadili rangi, atafura, atafungua mdomo kumtisha mtu ambaye ni yeye. Sisi tunaofungua simu kujitazama mara thelathini kwa siku tusicheke sana.

Hatua ya 6: Ukimtaka nyoka, chagua mwenye haraka

Kuna nyoka wasiokufaa. Kifutu anaweza kulala sehemu moja siku nzima kama kamba iliyosahaulika; kioo hakimsumbui kwa sababu hana safari. Achana naye. Mtafute nyoka mchanga, yule mwembamba anayevuka barabara kabla hujamaliza kusema "nyoka". Au swila. Hao ni wasafiri. Msafiri akizuiwa ndipo pua inapolipa.

Na uhakikishe ametoka porini juzi. Aliyezaliwa kizimbani huenda akazoea; aliyekamatwa ukubwani bado ana ramani ya nyumbani kichwani.

Nyoka ana jambo moja la kuchekesha. Hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu kama kioo, ambalo hulivua pamoja na ngozi. Yaani amezaliwa na kioo usoni, lakini kioo chako hakioni. Na palepale kwenye ncha ya mdomo ana kijitobo ambacho ulimi hupitia bila mdomo kufunguka. Ulimi huo hukusanya harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilichoko juu kwenye kaakaa. Hapo ndipo anapojulia chakula kiko wapi, jike liko wapi, adui yuko wapi. Ukifanikiwa kumjeruhi hapo, umemjeruhi mlangoni. Kwa hesabu ya kazi kwa jasho, nyoka analipa kuliko kenge.

Waliomzoea nyoka huwa na kitu kimoja wanachokubaliana: akisafirishwa ndani ya mfuko wa kitambaa, gizani, hutulia. Mfuko hauna mandhari. Usiutumie, basi, maana haupigiki picha.

Hatua ya 7: Alika mgeni rasmi

Ufunguzi ndio siku yenyewe. Funika kabati kwa kitambaa, weka utepe, weka spika mbili kubwa zigusane na kioo. Mtambaazi huusikia mtikisiko kwa mwili mzima, kwa hiyo besi ya singeli itamfikia hadi mifupani.

Mgeni rasmi atakata utepe, kitambaa kitavutwa, watu watapiga makofi. Kisha mheshimiwa atafanya jambo ambalo kila mheshimiwa hufanya mbele ya kioo chenye mnyama: atalikaribia na kuligonga kwa pete. *Ko, ko, ko.* Anataka amtazame. Kenge ataruka, pua itagota upande wa pili, umati utapiga kelele ya furaha. Watoto wataona kwamba kumbe inaruhusiwa. Kuanzia siku hiyo huhitaji kufanya chochote, umma umekusaidia.

Bango la "Usigonge Kioo" libandike, lakini libandike juu sana, mahali ambapo litaonekana vizuri kwenye picha.

Hatua ya 8: Ukiona damu, uwe na maelezo

Hapa ndipo wanagenzi hushindwa. Wanaona ncha ya pua imekuwa nyekundu, wanababaika. Wewe uwe na majibu matatu mfukoni.

La kwanza: "Anajivua gamba." Hili ni jibu la heshima. Tangu mwaka 2011 chama tawala kilipolifanya neno la siasa, hakuna Mtanzania asiyelijua, na hakuna anayetarajia kuona matokeo yake haraka. Lina hata chembe ya ukweli, maana mtambaazi hujisugua kidogo kwenye jiwe anapoanza kujivua. Usiseme tu kwamba kujivua hakutoi damu, na kwamba hakuchukui miezi minne. Akibisha mtu, mkumbushe kwamba timu ya mpira ya mkoa wetu imekuwa Singida Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate, na leo tunashangilia Singida Black Stars. Magamba hapa hayaishi.

La pili: "Alikuja hivyohivyo." Linafaa kwa wageni wa mara ya kwanza.

La tatu: "Ndivyo walivyo." Hili limemaliza mijadala ya watu wazima kwenye vikao vya ukoo, haliwezi kushindwa na kenge.

Mteja mmoja mbishi akizidi, mwonyeshe kwamba umechukua hatua: toa kioo cha mbele, weka wavu wa banda la kuku. Ataondoka ameridhika. Mnyama sasa anaona nje vilevile, anasukuma vilevile, ila badala ya kitu laini anasukuma waya. Kilichokuwa mchubuko kitakuwa mkato.

Hatua ya 9: Tibu kwa fahari

Usimwite daktari wa mifugo. Atauliza maswali ya ukubwa wa kabati. Paka mwenyewe. Kila mpita njia atakuwa na dawa: mmoja atasema majivu, wa pili dawa ya meno, wa tatu mafuta ya alizeti kwa sababu tuko Singida na alizeti huponya kila kitu isipokuwa bei yake. Zipake zote kwa zamu.

Kitu ambacho hupaswi kukifanya ni kile kinachofanya kazi: kuondoa kilichomchubua, kusafisha kidonda kwa iodini iliyochanganywa na maji hadi ifanane na chai ya rangi nyepesi, kuweka kizimba kikavu na safi, na kumwachia mwenye taaluma aamue kama anahitaji sindano. Mtambaazi hupona polepole. Kidonda cha pua kisipotunzwa huingia mdomoni. Usaha wake hautiririki kama wetu; hukaa mgumu, wa manjano, kama kipande cha ugali wa juzi kilichonasa kwenye fizi. Mnyama akifika hapo huacha kula. Utamwekea yai la kuku wa kienyeji mbele yake, yai ambalo porini angeliiba usiku kwa kuhatarisha maisha, naye atalitazama tu.

Wahenga walimsingizia kenge kwamba hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Walikosea kiungo, na nadhani walikosea na mnyama.

Hatua ya 10: Usiulize mtu anayejua

Ukipanda basi la kwenda Arusha, ukishapita Makuyuni utaona Meserani, kituo cha nyoka kilichofunguliwa mwaka 1993. Nairobi wana bustani yao ya nyoka tangu 1961, na Watamu kule pwani ya Kenya wana kituo chao tangu 1980. Usishuke. Watu wa kazi hiyo wana tabia mbaya ya kujibu maswali, na ukishapata jibu huwezi tena kusema hukujua.

Kwa sababu hiyohiyo usiende ofisi za TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Watakuambia habari za Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, ambayo haimruhusu mtu kumweka mnyama wa porini bila kibali. Watakueleza kwamba nyara ya serikali si pembe na meno ya ndovu tu, ni mnyama pia, awe hai au amekufa. Utaanza kufikiri kwamba yule kenge wa nyuma ya choo si wa kwako wala si wa choo. Mawazo kama hayo hayajawahi kuuza kuku.

Kama mambo yameharibika

Inawezekana umefuata hatua zote kumi na bado, asubuhi moja, ukakuta mnyama hachubuki tena. Usijilaumu. Kagua wafanyakazi.

Kwa kawaida utakuta ni kijana wa jikoni. Ndiye aliyekuwa akifuta ile michirizi ya damu kwenye kioo kila asubuhi, mstari mmoja mrefu kimo cha kiganja, kushoto kwenda kulia na kurudi. Amechoka. Usiku, ulipokwenda kulala, amekoroga uji mzito wa unga wa sembe, akachana magazeti ya zamani, akayabandika chini ya kioo kuzunguka kabati lote. Shibiri moja. Kisha akatia ndani nusu ya mtungi uliovunjika na jiwe bapa, akalisogeza kabati hadi chini ya mti, nusu kivuli nusu jua.

Ukimuuliza atasema, "Samahani bosi, nilidhani anasoma."

Utakuta kenge amelala, kidevu juu ya jiwe, nusu ya mwili ndani ya mtungi, hana habari na wewe. Na utakuta jambo jingine ambalo mimi mshauri wako sikulitegemea. Wateja wamefika, hawamwoni. "Yuko wapi?" Wanainama. Wanazunguka. Mtoto anapiga ukelele kwamba ameona mkia. Baba anabisha, anakaa chini kusubiri, anaagiza soda ya pili. Zamani walimtazama dakika mbili wakaondoka. Leo wana nusu saa wanamtafuta, na kuku wa ziada ameingia motoni.

Hapo ndipo nami inabidi nikubali nilichokuwa nakuficha tangu mwanzo. Karatasi ile haifiki bei ya soda aliyoiagiza yule baba. Ubao upande wa nyuma, pango, joto la upande mmoja na ubaridi wa upande wa pili, watu wasigonge kioo: hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mfadhili. Aliye na kibali cha kufuga na akashindwa hayo hakukosa uwezo. Alitaka tu kumwona mnyama mzima, saa zote, bila kuinuka kwenye kiti.

Na wewe usiye na kibali, mfungulie. Subiri saa nne jua likishika, umfungulie palepale kwenye jabali lake. Kisha lirudishe kabati kwenye chipsi, na ugeuze viti vinne vitazame nyuma ya choo. Najua mandhari si ya kifahari. Panda ua wa michongoma, utasaidia. Andika ubao mdogo: "Kenge, kuanzia saa nne, akipenda."

Atatoka. Ataota jua mbele ya wateja wako bila kioo, bila balbu, bila bili ya umeme, na pua yake ikiwa nzima.